Hesabu Mbili Katika Mtungi Mmoja

1

Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo. Watu wa Tukuyu wamezoea mitikisiko ya namna hiyo. Vikombe hugongana kabatini, mbwa hubweka, kisha kila mtu huendelea na chai yake. Tusekile Mwasambili alikuwa mlangoni kwake akivaa koti la mvua ardhi ilipotikisika. Alisimama akasikiliza, akahisi mtikisiko wa pili ukipita chini ya nyayo zake, mfupi na mkali kuliko wa kwanza, na kabla simu haijalia alikuwa amekwisha kushika njia ya kituoni kwa mbio.

Kituo kilikuwa jengo la zege, la chini, limejibanza katikati ya mashamba ya chai upande wa juu wa mji. Mpita njia angedhani ni ghala. Ndani yake kulikuwa na mtungi mmoja wa chuma uliopita kimo cha mtu, na ndani ya mtungi huo kulikuwa na baridi kali kuliko ile ya anga iliyo kati ya nyota na nyota. Katika baridi hiyo ndipo ilipokaa mashine ya kwanta ya Tukuyu, kompyuta inayopiga hesabu kwa chembe ndogo kabisa, mojawapo ya mashine mbili tu za ukubwa huo nchini. Nyingine ilikuwa Singida, imechimbiwa ndani ya miamba.

Tusekile hakuwa mwendeshaji wa mashine. Alikuwa mhandisi wa kigeuzi, kifaa kidogo kuliko kiganja kilichofungwa kwenye kitako cha mtungi, ambacho kazi yake ilikuwa kuitoa ishara kwenye baridi ile na kuifanya mwanga unaoweza kusafiri kwenye mkongo. Alikuwa amekibuni mwenyewe, akakijenga mara nne na kukibomoa mara tatu, na hakuwa mtu wa kujifanya hajui anachokijua.

Katika chumba cha mitambo alimkuta Lugano Kajela, mkuu wa kituo, mwanamume wa makamo aliyekuwa na desturi ya kusema polepole zaidi kadiri mambo yalivyozidi kuwa mabaya. Siku hiyo alisema polepole sana. Pampu ya heliamu, gesi inayoutunza ubaridi wa mtungi, ilikuwa imepata ufa. Mafundi walikuwa wameuziba walivyoweza, lakini gesi iliendelea kuvuja. Pampu nyingine ingetoka ng'ambo, na kwa vyovyote isingefika kabla ya kesho kutwa. Baridi ingeshikilia mpaka alasiri, au jioni wakibahatika. Baada ya hapo mtungi ungepata joto, na kila kilichokuwamo kingefutika.

Kilichokuwamo ni hesabu mbili.

Ya kwanza waliiita kazi ya migomba. Mnyauko wa aina mpya ulikuwa umezuka upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ukiingia shambani kwa mgomba mmoja na kutoka ukiwa umekausha yote, na dawa zilizofaa kwa mnyauko wa zamani hazikuufanya lolote. Profesa Kokubanza Rwegoshora wa Bukoba alikuwa anatafuta umbo la protini moja, ambayo ikipandikizwa kwenye mgomba ingeziba njia anayopitia bakteria. Mashine ilikuwa imeifanyia kazi hesabu yake kwa miezi mingi, na bado kidogo ikamilike.

Ya pili, kazi ya damu, ilikuwa ndogo na changa. Dokta Hidaya Mng'anya alikuwa na watoto kama arobaini katika wodi moja Dar es Salaam, wote wamezaliwa na maradhi yanayoufanya mwili uiharibu damu yake wenyewe. Waliishi kwa kuongezewa damu, na sasa miili yao ilikuwa imeanza kuikataa hata hiyo ya kuongezewa. Jibu lake lilikuwa karibu kutoka.

Ingekuwa ni kompyuta ya kawaida, mtu angezinakili zote mbili kisha akaenda kunywa chai. Hesabu ya kwanta haina nakala. Ukiichungulia kabla haijakamilika, inavunjika na kukuachia tarakimu zisizo na maana. Namna pekee ya kuiokoa ni kuihamisha yenyewe, na njia pekee ya kutoka Tukuyu kwenda Singida ilipita kwenye kigeuzi.

2

"Tuna njia mbili," Tusekile alimwambia Kajela. Walikuwa wamekaa mbele ya kioo cha vipimo, wawili tu. Mafundi wengine walikuwa chini kwenye pampu.

Kajela alizijua njia zote mbili, lakini alimwacha aeleze, kwa sababu ndivyo alivyopenda kufanya uamuzi, kwa kusikia jambo likisemwa kwa sauti.

Ndani ya mtungi, hesabu huishi katika mawimbi ya mikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha chakula moto, ila hafifu kupita kiasi. Joto la mkono wa mtu likiwa karibu hutosha kuyazamisha. Mawimbi hayo hayawezi kusafiri hata mpaka getini. Mwanga, kwa upande wake, hutembea kwenye nyuzi za kioo za mkongo kilomita mia kadhaa bila kujali joto la nje. Kwa hiyo kigeuzi kina bamba la fuwele, jembamba kuliko ukucha, ambamo mawimbi yale na mwanga wa leza hukutanishwa. Leza husukuma, wimbi huchukua nguvu ya leza, na kilichokuwa mikrowevu hutoka kikiwa mwanga. Mara nyingi hufaulu. Mara nyingine chembe hupotea ndani ya fuwele na haionekani tena. Na leza yenyewe, pamoja na kazi yake yote nzuri, huleta joto.

Njia ya kwanza ilikuwa kurusha hesabu moja kwa moja, uzi baada ya uzi, kama walivyoviita vipande vilivyoifuma hesabu. Ilikuwa ya haraka, lakini kila uzi ulioingia kwenye fuwele ulikuwa kamari. Ya pili waliiita njia ya jozi. Hapo hutumi hesabu kwanza. Unatengeneza chembe mbili zilizofungamana, unabaki na moja ndani ya baridi na nyingine unaituma Singida. Ikipotea njiani, hujapoteza chochote, unatengeneza nyingine. Singida ikijibu kwamba imeipokea, hapo ndipo unauhamisha uzi mmoja wa hesabu kupitia jozi ile, na uzi unafika mzima. Ni njia salama, ila inakula muda.

"Na muda hautoshi zote mbili," Kajela alisema.

"Hautoshi."

Kajela alikumbusha kanuni. Kazi iliyosajiliwa kwanza huokolewa kwanza. Migomba ilitangulia, na ilikuwa chakula cha watu wa nchi tano. Ipite kwa jozi mpaka iishe. Ya damu, muda ukibaki, ipite vilevile. Usipobaki, irushwe moja kwa moja na wamwombe Mungu.

Tusekile hakubishana na kanuni. Alibishana na mpangilio. Hesabu ya damu, alisema, ilikuwa na nyuzi chache, na zikikatika mbili tatu imekwisha. Kuirusha moja kwa moja ilikuwa sawa na kuitupa. Ya migomba ilikuwa na nyuzi nyingi zinazolindana. Mmoja ukikatika, majirani zake wanakumbuka ulivyokuwa, na mashine ya Singida inaweza kuurudisha. Ndogo ikitangulia kwa jozi ingefika nzima na kumaliza sehemu ndogo tu ya muda. Kubwa ingefuata kwa jozi mpaka joto liwakatize, na mabaki angeyarusha. Ingepoteza nyuzi, ila ingeweza kuvumilia.

"Ingeweza, au ingevumilia?"

"Ingeweza," alisema Tusekile. "Sitakuambia zaidi ya ninachokijua."

Kajela alisema jambo ambalo Tusekile alilibeba muda mrefu baadaye. "Mimi pia nina wajukuu, Injinia. Lakini tukichagua leo kwa huruma, kesho atakuja mwingine hapa achague kwa undugu, na yeye pia ataiita huruma. Kanuni ipo ili siku kama hii tusiwe sisi wa kuchagua."

Tusekile aliona kwamba maneno yale yalikuwa na uzito, na hakutafuta namna ya kuyapuuza. Alisema kwamba kuna mtu mmoja anayeweza kuachilia haki ya kanuni bila kuivunja, naye ni mwenye haki hiyo. Waulizwe Bukoba.

Kajela alifikiri. "Mpigie," alisema mwishowe. "Mwambie yote. Na usimlilie."

Yeye mwenyewe alichukua simu nyingine kumjulisha Dokta Hidaya. Mazungumzo yale yalikuwa mafupi. Daktari alisikiliza, akauliza kama kuna chochote anachoweza kufanya, akaambiwa hakuna, akasema basi anarudi wodini na simu ataiacha kwa muuguzi mpaka jambo liishe, maana wazazi wa watoto wale walikuwa na mazoea ya kusoma uso wake.

3

Profesa Kokubanza alipokea akiwa shambani. Upepo ulisikika kwenye simu. Tusekile alimwamkia, akajitambulisha, akaeleza bila kupamba: pampu, joto, njia mbili, hesabu mbili. Alitaja kanuni na kwamba haki ya kutangulia ilikuwa ya Profesa. Alimwambia kwamba akikataa, kazi yake ingepita yote kwa njia salama. Akikubali, sehemu ya mwisho ingerushwa, na makadirio ya Tusekile mwenyewe ni kwamba hesabu ingestahimili, ila ni makadirio.

Profesa hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi: nyuzi ngapi zinaweza kukatika kabla hesabu haijaharibika, joto linapanda kwa kasi gani, nani amepima. Tusekile alijibu kila moja. Kisha Profesa akaanza kumweleza, kwa sauti ileile ya utulivu, juu ya wilaya alizozipita mwaka huo, watu waliokuwa wakila ndizi tangu mababu na sasa wanagawiwa unga, akina mama wanaotembea na watoto migongoni kwenda kutafuta vibarua. Alisema watoto wale hawakuwa na wodi. Hakuna aliyewahesabu wala aliyejua majina yao, na wao pia walikuwa wanakufa, mmoja hapa mmoja pale, bila kukusanyika pamoja ili wahurumiwe.

"Najua," Tusekile alisema.

"Unajua kwa kusikia?"

"Kwetu ni Masoko, Profesa. Kaka yangu anaishi kwa migomba. Mnyauko ukivuka kuja huku, utaanzia kwa watu wangu."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Na bado unaniomba hivi."

"Sikuombi. Nakuuliza, kwa sababu hesabu ni yako. Ukisema hapana, nitaanza na yako sasa hivi na nitaifanya kwa moyo wangu wote."

Tusekile alitazama kama simu imekatika. Aliposikia sauti tena, ilikuwa imepungua ukali lakini haikuwa laini.

"Watangulize watoto," alisema Profesa Kokubanza. "Lakini mimi ndiye nimesema, usiandike kwamba ni wewe. Na likitokea lolote nataka kulisikia kutoka kwako, siyo kwa mkuu wako wala kwenye taarifa."

Tusekile aliahidi. Alipoweka simu chini mikono yake ilikuwa imara. Alishukuru kwa hilo, kwa kuwa ilikuwa na kazi.

4

Sauti ya Singida ilikuwa ya Eliakimu Msengi, mwendeshaji wa mashine ya huko, ambaye Tusekile alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi bila kumwona uso kwa uso zaidi ya mara mbili. Msengi alikuwa na maneno machache. Jozi ikifika alisema "ipo." Isipofika hakusema kitu, na Tusekile alitengeneza nyingine.

Aliiwasha leza taratibu, akiitazama fuwele kwa macho ya vipimo. Nguvu ikizidi, jozi zingetoka haraka lakini mtungi ungepata joto mapema. Ikipungua, joto lingesubiri lakini muda ungeliwa bure. Kati ya hayo kulikuwa na mahali padogo ambapo mambo yote mawili yanavumilika, na yeye alikuwa amepapata miaka mingi iliyopita kwa kuharibu vifaa vingi. Alipafikia, akapashikilia.

"Ipo," alisema Msengi. Kimya. Kimya. "Ipo." "Ipo."

Uzi wa kwanza wa kazi ya damu ulihama. Kwenye kioo hapakuwa na la kuonyesha zaidi ya nukta moja kuzimika Tukuyu na moja kuwaka Singida. Kajela alivuta kiti akakaa kando yake, akachukua jukumu la kusoma joto kwa sauti, na kuanzia hapo chumba kile kilikuwa na sauti mbili tu, moja ikitaja joto na nyingine ikisema ipo. Mvua ilikuja juu ya bati ikaondoka. Mtu alileta chai, ikapoa mezani.

Kazi ya damu ilivuka yote kabla ya adhuhuri. Msengi aliikagua mara mbili kwa namna isiyoichungulia, akatangaza kwamba ni nzima, haina hata uzi mmoja uliokatika. Kajela alifumba macho kidogo kisha akayafungua. Tusekile hakusimama. Alikuwa ameshaanza na migomba.

Hiyo ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Nukta zilizimika huku na kuwaka kule, safu baada ya safu, na alipofika nusu Tusekile alianza kuamini kwamba huenda hatalazimika kurusha chochote. Kisha ufa wa pampu ukapanuka. Hawakuusikia, waliutambua kwenye sauti ya Kajela, ambaye tarakimu alizozisoma zilianza kupanda bila kupumzika.

Kulikuwa na mambo mawili ya kuamua, na yote yalikuwa yake. La kwanza, kama aiongeze leza nguvu ili jozi zitoke haraka. Alikataa, kwa kuwa joto lake lingekula muda mwingi kuliko ambao ungeokolewa. La pili lilikuwa gumu zaidi: ni lini aache jozi na kuanza kurusha. Akiwahi, nyuzi nyingi zingeingia kamarini. Akichelewa, joto lingezikuta nyuzi zikiwa bado ndani na kuzitia doa kabla hazijaruka. Aliendelea na jozi. Kila "ipo" ya Msengi ilikuwa uzi mmoja zaidi ulio salama, na ilikuwa vigumu kuacha kitu kinachofaulu.

"Bado?" aliuliza Kajela.

"Bado kidogo."

Alisubiri safu moja zaidi, halafu nyingine. Kisha akasema, "Sasa," akakata njia ya jozi, akaifungua njia ya pili, na mabaki ya hesabu ya migomba yakaanza kupita kwenye fuwele moja kwa moja, uzi kwa uzi, bila kurudi nyuma. Haikuchukua muda. Ilipokwisha, mtungi wa Tukuyu ulikuwa mtupu, na joto lilikuwa linapanda ndani ya chombo kisicho na kitu cha kuharibu.

Singida, Msengi alikuwa akizikagua safu za mwisho.

"Niambie," Tusekile alisema.

"Zilizokatika si nyingi sana," Msengi alijibu. "Lakini zimekatika pamoja. Sehemu moja, zote zimekaribiana."

Tusekile alielewa kabla Msengi hajamaliza kusema. Alikuwa amekadiria kwamba nyuzi zingekatika moja huku, nyingine kule. Joto halikwenda hivyo. Liliingia mahali pamoja likazichukua nyuzi na majirani zake, na majirani ndio waliotakiwa kukumbuka. Kama angeanza kurusha mapema, kabla ya zile safu mbili alizozisubiri, joto lingekuta sehemu ile imekwisha kuondoka.

"Imekufa?" aliuliza Kajela.

Msengi alisema haikufa. Sehemu kubwa ilikuwa nzima na ingeendelea. Ile iliyochanika ingebidi ihesabiwe upya tangu chini. Kwa makadirio yake, msimu mmoja wa mvua, labda na nusu.

Kajela aliinua simu, lakini Tusekile alimtangulia kushika ya kwake. Profesa Kokubanza alipokea mara moja, kana kwamba hakuwa ameiweka chini tangu asubuhi. Tusekile alimwambia kilichotokea, na akamwambia pia kwamba kosa la kukadiria lilikuwa lake; alichelewa.

"Na kama ungeanza na yangu?" Profesa aliuliza.

"Yako ingefika nzima. Ya watoto isingefika."

"Nao wamefika."

"Wote, Profesa."

"Msimu mmoja na nusu," alisema Profesa Kokubanza. "Haya. Ngoja niwaambie watu wangu wakaze vizuizi vya kukagua miche barabarani." Hakusema amesamehe wala hakulaumu. Aliaga kwa adabu, akakata.

5

Jibu la kazi ya damu lilitoka Singida baada ya siku chache. Kutoka kwenye jibu hadi kwenye dawa ilikuwa safari nyingine, na watoto watatu hawakuifikia. Waliobaki walianza kuachishwa kuongezewa damu mmoja mmoja, na Dokta Hidaya alituma picha kituoni, ya wodi yenye vitanda vitupu na muuguzi anayecheka. Kajela aliitundika kwenye chumba cha mitambo.

Palikuwa na uchunguzi. Kajela alieleza kwamba yeye ndiye aliyeruhusu. Profesa aliandika kwamba yeye ndiye aliyekubali. Tusekile alieleza kwamba yeye ndiye aliyechelewa, na akachora ubaoni ni wapi na kwa nini. Wachunguzi walitarajia kila mmoja amsukumie mwenzake, wakakosa la kufanya kwa watu watatu wanaogombea lawama. Kanuni ilibadilishwa: kuanzia hapo wenye kazi wangeulizwa mapema, siku ya kusajili, siyo siku ya tetemeko. Tusekile alirudi kwenye kigeuzi chake, akakijenga mara ya tano.

Vizuizi havikutosha. Mnyauko ulivuka na magari ya mizigo kabla msimu haujaisha, ukaonekana kwanza Kyela, kisha ukapanda milima. Ipyana, kaka yake Tusekile, alipiga simu Jumamosi moja asubuhi akamwambia aje na gambuti, kwa kuwa mabwana shamba wamepita na shamba lote limewekwa alama ya kukatwa.

Alifika Masoko akamkuta kaka yake ameshaanza kukata. Ipyana alikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi, mtu wa mwili mkubwa na maneno ya kujibana, na migomba ile ilikuwa imemsomeshea watoto wote. Iliyougua ilitambulika kwa mbali kwa majani yaliyonyong'onyea. Ukiikata, ilitoa ute wa manjano wenye harufu mbaya. Walikata pamoja, wakitupa mashina kwenye shimo ambalo Ipyana alikuwa amelichimba pembeni. Halafu Tusekile akaweka panga chini na kumwambia kila kitu, tangu pampu mpaka safu mbili alizozisubiri. Hakuna aliyemlazimisha, Ipyana asingejua kamwe. Lakini hakuweza kuendelea kukata kando yake kama mgeni aliyekuja kusaidia.

Ipyana alisikiliza akiwa ameegemea mpini wa jembe. Hakukasirika upesi, wala hakumtuliza.

"Ungerudi siku ile," aliuliza, "ungefanya tofauti?"

Tusekile alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu lake halikuwa limebadilika. "Ningeanza na watoto tena," alisema. "Lakini ningerusha mapema."

"Na kama ingechanika vilevile?"

"Ningekuja vilevile, nikukute hapa, nikuambie."

Ipyana alitazama shamba, upande uliokwisha kulala na upande uliokuwa bado umesimama. Aliuliza dawa ile ya migomba itafika lini. Tusekile alimwambia hesabu ilikuwa imekamilika Singida mwezi uliopita, miche ya kwanza imeota Bukoba, na ingechukua misimu miwili hivi mpaka kufika Rungwe.

"Basi tutapanda viazi," alisema Ipyana, akainua jembe.

Walifika nyuma ya jiko jua likiwa juu. Hapo ulisimama mgomba mmoja mnene, majani yake mabichi kabisa, mkungu wake umeinamia ukuta. Haukuwa na dalili yoyote, lakini mabwana shamba waliuwekea alama kwa sababu uliokuwa jirani yake uliugua, na amri ilikuwa majirani nao wakatwe. Ipyana aliuzunguka mara moja, akachukua panga akalipangusa kwenye suruali, akauzunguka tena. Mkewe alisimama kwenye mlango wa jiko akiwa amefunika mdomo kwa khanga.

Tusekile alimpokea panga. Alikata mara tatu, na mgomba ukaanguka taratibu upande wa shamba, mbali na ukuta, jinsi alivyokusudia. Alichuchumaa akatazama lile kovu lililobaki ardhini. Kiini kilikuwa cheupe toka ukingo hadi ukingo, kina maji safi, hakina hata tone la manjano.

Kaka yake alikuwa amebaki nyuma yake, hakusogea kutazama. "Ulikuwa umeshaingiwa?" aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana," alisema Tusekile. "Ulikuwa mzima."

Ipyana aliitikia kwa kichwa. Alikuja akashika shina upande mmoja, Tusekile akashika mwingine, wakaubeba pamoja mpaka shimoni.